MASHINE YA ALIZETI: TUULIZE KWANZA, TUNUNUE BAADAYE

(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama. Tumeyabandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Mkutano uliopita mlitutuma tutafute mashine ya kukamua alizeti. Tumetafuta na mashine zipo. Lakini dhamana ya mkopo ni ghala letu. Tukishindwa kulipa, ghala linakwenda. Kwa hiyo tunaomba tusikilizane kabla ya kutia saini.

Wazee wanakumbuka miaka ya 1980, Mbulu na Hanang zikiwa bado Mkoa wa Arusha. Mafuta ya kupikia yalikuwa shida madukani, na huku alizeti tunalima wenyewe. Mashine za mkono za wakati ule zilitaka mbegu itolewe maganda, ipepetwe, itwangwe, halafu ipashwe moto. Kazi nyingi, mafuta kidogo. Ndipo katikati ya miaka hiyo Mmarekani mmoja, Carl Bielenberg, akiwa Arusha na mradi wa alizeti wa Kanisa la Kilutheri, akabuni mashine nyingine. Unavuta mpini, chuma kinasukuma mbegu ndani ya bomba lenye matundu, mafuta yanadondoka chini, mashudu yanatokea mbele. Mbegu unaianika juani tu, basi. Na karakana za hapa nchini ziliweza kuitengeneza.

Sasa jamani, somo liko hapa. Mashine ile ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini mpini wake ulikuwa mzito, ulitaka wanaume wawili wenye nguvu. Na anayehangaika na mafuta jikoni ni nani? Si ni mama? Basi mafundi wakarudi kazini, wakatoa mashine ndogo, nyepesi, ya bei nafuu zaidi, ambayo mtu mmoja anaivuta. Tena ilitaka mbegu ya ganda laini, kama ile ya Record. Ukiweka ya ganda gumu, mashine inashindwa. Kwa hiyo mashine bila mbegu yake na bila mtu wake ni chuma tu.

Nasi tumejiuliza maswali matatu.

Kwanza, nani ataitumia? Kina mama wametuambia wanataka kukamua debe moja na kurudi na mashudu yao ya kuku na nguruwe. Mashine kubwa ya umeme haiwashwi kwa debe moja.

Pili, ikiharibika nani ataitengeneza? Hatujasahau mashine yetu ya kusaga ilivyolala miezi minane kwa kukosa spea moja. Aliyetuuzia alisema tusubiri tu.

Tatu, italipa? Hapa ndipo penye ugumu. Tulipita nyumba kwa nyumba. Wengi wetu tunauza alizeti yote mwezi wa saba, kwa sababu ya ada za watoto na madeni. Ikifika mwezi wa kumi hakuna gunia ndani. Mkopo unalipwa miezi 12, na mbegu ipo miezi mitatu. Miezi tisa mashine itakamua nini?

Hatusemi mashine isinunuliwe. Tunasema hivi: kila mwanachama aandikishe kwa mtunza ghala magunia atakayoweka bila kuuza, hata kama ni moja. Aandike kweli, siyo kwa kuoneana haya. Halafu Kamati itapeleka magunia matano yakakamuliwe kwa malipo kule Katesh, pamoja na kina mama wawili watakaochaguliwa leo. Tutapima mafuta, tutapima mashudu, tutaandika gharama ya usafiri, na hesabu tutaibandika ubaoni hapa kila mtu aione.

Magunia yakitosha, tutakopa. Yasipotosha, tutaanza na mashine ya mkono kwa fedha tuliyo nayo, na ghala letu litabaki letu.

Daftari liko kwa mtunza ghala mpaka Jumapili.

Idumu ushirika!

KAMATI YA CHAMA