Ndoo ya Lita 20 Baada ya Upasuaji wa Titi

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani mara nyingi hurudi nyumbani na onyo moja kubwa: mkono wa upande ule usibebe kitu kizito. Kijijini, ndoo ya maji ni ya lita 20, yaani kilo 20, na kisima hakimfuati mgonjwa nyumbani. Kuna kuni, kuna jembe, kuna mchi na kinu. Wiki chache zikipita, mama huyo huwa na njia mbili, zote mbaya: abebe kila kitu kama zamani huku moyo ukimdunda, au akae tu hadi bega likakamae na mkono ushindwe kufika kichwani.

Onyo hilo lina chanzo. Pamoja na titi, madaktari mara nyingi huondoa tezi za kwapani, zinazosaidia kupitisha majimaji ya mwili. Zikiondolewa, au zikipigwa mionzi, majimaji yanaweza kutuama na mkono ukavimba. Uvimbe huo huwapata takriban mwanamke mmoja kati ya watano waliougua saratani ya titi, na kuuondoa si rahisi. Ndiyo maana kwa miaka mingi waliambiwa waupumzishe mkono.

Mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari wa michezo Don McKenzie aliamua kuyapima maneno hayo. Aliwaandaa kwa mazoezi wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya titi, kisha akawaingiza kwenye mtumbwi mrefu wa mashindano wapige kasia, kazi inayotaka mabega na mikono hasa. Hakuna aliyepata uvimbe mpya.

Wanawake 24 ni wachache. Lakini mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha kuvimba. Baadhi yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, wakiwa wamevaa soksi ya mkono yenye kubana. Walianza na uzito mdogo sana, wakauongeza kidogo kidogo. Mikono yao haikuvimba kuliko ya wenzao wasionyanyua. Zaidi ya hapo, waliozidiwa na uvimbe walikuwa asilimia 14, dhidi ya asilimia 29 upande wa pili.

Kidogo kidogo: hapo ndipo penye uzito. Mwanamke wa kijijini hakosi kazi ya kutumia mwili. Anachokosa ni mtu wa kumpangia namna ya kuirudia. Anatoka kitandani moja kwa moja hadi kilo 20! Kwa nini mtaalamu wa viungo asimpimie kwa vyombo vyake mwenyewe, aanze na chupa ya lita moja, baadaye dumu la lita tatu, kisha la tano, kadiri mkono unavyokubali? Na mume na watoto wapewe zamu ya kisimani kwa miezi hiyo, kwa maelekezo ya hospitali yenyewe, ili mama asionekane mvivu.

Umbali ni kikwazo kweli. Aliyetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akirudi Kigoma, amekwenda zaidi ya kilomita 1,000. Australia wana shida hiyo hiyo. Katika jimbo la Queensland, wanawake waliougua saratani ya titi na waliokaa mbali na miji mikubwa walipigiwa simu 16 kwa miezi minane na wataalamu wa mazoezi, na wengi walidumu na mpango huo hadi mwisho. Simu za namna hiyo zinaweza kupigwa kutoka Ocean Road, hospitali ya Bugando au ile ya Eldoret, na hospitali zetu za rufaa zingefaa kuzianza kwa wagonjwa wanaoruhusiwa mwezi huu.

Kwa aliye kijijini sasa: mkono ukiwa mwekundu na wa moto, tena homa ikapanda, asisubiri simu. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.