Njia ya Kutokea Moto Uwakapo



Leo napenda kuzungumza nanyi habari za moto katika nyumba tunamolala na katika maduka na karakana tunamofanyia kazi. Sitasema sana juu ya kuuzima, maana kazi hiyo ina watu wake na vyombo vyake. Nitasema juu ya jambo lililo mikononi mwa kila mmoja wetu, nalo ni njia ya kutokea.

Kila mwenye mali humwogopa mwizi. Kwa hiyo mwenye duka hutia nondo madirishani, na baba wa nyumba hufunga kufuli usiku, kisha akauficha ufunguo. Hawana kosa kuilinda mali yao. Lakini mwizi hutoka nje, na moto mara nyingi huanza ndani. Na kile kimzuiacho mwizi asiingie ndicho kimzuiacho mtoto asitoke.

Ushahidi wa jambo hili ni mchungu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, huko Machakos, liliteketea, na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Wala msidhani kwamba msiba wa namna hii ni wa kwetu peke yetu. Tarehe 25 Machi 1911, miaka 90 kabla ya hapo, kiwanda cha kushona nguo katika jengo la ghorofa mjini New York, Marekani, kilishika moto, wakafa watu 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa, maana ilikuwa desturi kuwapitisha wafanyakazi mlango mwingine ili mikoba yao ikaguliwe. Vitambaa vililindwa, watu wakapotea.

Katika Kenya sheria imekwisha kusema. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mlango wa mahali pa kazi kufungwa, watu wakiwa ndani, kwa namna isiyoweza kufunguliwa upesi kutoka ndani. Kanuni za mwaka huo juu ya hatari za moto zataka watu wafanye mazoezi ya kutoka walau mara moja kila miezi 12. Lakini sheria haiji kulala nyumbani kwako. Huko mlinzi ni wewe mwenyewe.

Basi yafaa kila mwenye nyumba na kila mwenye duka afanye mambo haya.

Kwanza, ahesabu njia za kutokea. Chumba cha kulala chenye njia moja tu hakina usalama. Mtu atauliza, "Nikiondoa nondo, mwizi je?" Usiziondoe zote. Mwambie fundi aweke bawaba katika nondo za dirisha moja, zifunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Pili, ufunguo wa mlango uwe na mahali pake karibu na mlango, pasipofikiwa na mkono wa mtu aliye nje, na kila aliye nyumbani apajue, hata mtoto.

Tatu, njia iwe wazi. Dukani, magunia na makreti yasipangwe penye mlango wa nyuma. Nyumbani, jiko, mtungi wa gesi na mafuta ya taa visikae karibu na mlango wa pekee, kwa kuwa vikiwaka hakuna pa kupita.

Nne, watu wafundishwe kwamba moshi huweza kuua kabla ya ndimi za moto kufika. Hewa iliyo nzuri zaidi iko chini. Kwa hiyo mtu ainame au atambae. Mlango ukiwa wa moto ukiugusa kwa mgongo wa mkono, usiufungue. Tumia njia ya pili.

Tano, pawe na mahali pa kukutania nje, kama vile penye mti au lango, watu wahesabiwe. Aliyetoka asirudi ndani kwa ajili ya godoro wala fedha.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Bawaba mbili na msumari wa kuangikia ufunguo si vitu vya kumshinda mtu. Kinachotushinda ni kusema, "Nitafanya kesho." Ajizi ni nyumba ya njaa, na wakati mwingine ni nyumba ya msiba.

Nawaomba usiku huu, kabla hamjalala, zimeni taa, kisha kila mtu autafute ufunguo gizani na kuufungua mlango. Mtoto wako akishindwa leo, hali nyumba ni shwari, usitumaini kwamba ataweza siku ya moshi na vilio. Mfundishe mpaka aweze. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.