Nimeyatoa Makaratasi Yangu ya Kesi za Mauaji

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana wa jumuiya, Mombasa, baada ya sala ya alasiri katika Mwezi Mtukufu wa Ramadhan. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukapunguza pale palipojirudia. – Wahariri)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu tukiwa hai. Mwenyekiti, walimu wangu, vijana wangu, na binti zangu mlioko upande ule, awali niliombwa nizungumze juu ya faida ya kusoma. Lakini Mwenyekiti huyu huyu ndiye aliyekuja nyumbani mwezi wa Rajab kunisaidia kubeba masanduku. Akafungua moja, akaona yaliyomo, akaniambia, "Mzee, achana na faida ya kusoma, tuzungumzie haya." Basi mkikosa hamu ya kufuturu leo, lawama mpeni yeye.

Mimi nilikuwa karani bandarini Kilindini miaka 31. Kazi ya kuhesabu mizigo ya watu. Lakini toka nikiwa mtoto wa skuli nilikuwa na kazi nyingine isiyo na mshahara, nayo ni kukata magazeti. Si habari zote. Nilikata habari za watu waliouawa na kesi zao. Najua lasikika vibaya. Marehemu mke wangu, Allah amrehemu, alikuwa akisema, "Wenzako hukusanya stempu, wewe wakusanya maiti."

Ilianza Februari 1965, nami nina miaka 12. Babangu alikuwa fundi cherehani na kila asubuhi akiwasomea wenzake gazeti kwa sauti. Siku hiyo habari ilikuwa ya Pio Gama Pinto, mbunge, aliyepigwa risasi tarehe 24 mlangoni kwake Nairobi, binti yake mdogo yumo garini. Babangu akasoma mpaka pale pa mtoto, akalaza gazeti chini, wala ule mshono hakuumaliza siku hiyo. Mimi nikachukua mkasi wake wa nguo nikaikata ile habari. Nilipigwa, maana mkasi wa nguo ukikatia karatasi huwa butu. Lakini karatasi ikabaki kwangu.

Kijana aliyefungwa kwa kesi ile, Kisilu Mutua, alihukumiwa kunyongwa, kisha ikawa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 2001, mzee, bado akisema hakuua. Faili langu la kwanza lilikuwa na picha ya kijana huku na picha ya mzee kule. Mtu yule yule. Kila nilipolifungua nilijiambia, ndiyo sababu naweka.

Hebu niwaeleze hilo kidogo, maana watu hudhani ni kupenda damu. Gazeti la Jumatatu na la Ijumaa hayasemi mamoja, na mtu akisha kusoma la Ijumaa, la Jumatatu amefungia samaki. Mwenye kuweka yote mawili ndiye ajuaye kuwa kuna mtu alisema uongo. Machi 1975, J.M. Kariuki alipopotea baada ya kuonekana mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, gazeti moja kubwa lilichapa kuwa JM yuko Zambia. Kumbe maiti yake ilikwisha okotwa Ngong, na imelala mochuari Nairobi. Nilikuwa na karatasi ile ya Zambia na ile ya maiti kutambuliwa, nimezibandika ukurasa mmoja. Jarida la Weekly Review lilikuwa limeanza mwezi uliotangulia tu, Februari, na matoleo yake ya kwanza nilikuwa nayo yote. Kisha ikaja ripoti ya kamati ya Bunge, ile ya Elijah Mwangale. Vijana wa siku hizi hawajui hata kama Bunge lilithubutu kuandika ripoti kama ile.

Tena ya Julie Ward, yule msichana Mwingereza aliyekufa Maasai Mara Septemba 1988. Kwanza tuliambiwa ni wanyama. Babake, John Ward, akakataa. Akaja nchi hii mara kwa mara, miaka na miaka, pesa zake, nguvu zake. Walioshtakiwa waliachiliwa mwaka 1992, mwingine akaachiliwa 1999, na mzee yule amefariki bila ya mtu kutiwa hatiani. Nilimhusudu baba yule kwa subira. Mimi nilikuwa nakata karatasi tu. Yeye alikuwa anamtafuta mwanawe.

Na ya hapa kwetu ni ya 1980. Baharia Mmarekani alimuua mwanamke hapa Mombasa. Akakiri kosa la kuua bila ya kukusudia, na jaji akamwachilia kwa bondi ya shilingi 500, awe na mwenendo mzuri miaka 2. Shilingi 500! Mji ulichafuka, na Bungeni pia. Ninayo, au nilikuwa nayo, karibu kila neno lililochapwa. Siku moja nikakaa nikahesabu: jina la baharia lilitajwa mara ngapi, na jina la mwanamke mara ngapi. Nendeni mkahesabu wenyewe. Mimi jina la marehemu sitalitaja hapa, ana watu wake.

Ouko nitampita haraka. Februari 1990 mimi nilikuwa na mke na watoto wanne, na nyakati zile ukikutwa na sanduku la makaratasi ya namna hii hukosi kuulizwa umetumwa na nani. Nikahamisha masanduku mawili kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, chini ya kitanda chake. Akilalia na hajui alilalia nini. Mpaka tume ya Jaji Gicheru ikavunjwa Novemba 1991 bado yalikuwa pale.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Mbali na magazeti nilikuwa na daftari 62. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nikienda mahakamani, nakaa nyuma, naandika anayosema shahidi. Hizo hazina neno, kesi husikizwa hadharani. Lakini nikitoka pale naketi barzani, na barzani nako watu husema, nami naandika. Fulani ameuawa kwa sababu ya deni. Fulani alikuwa na mke wa mtu. Majina na mitaa, yote yamo.

Miaka miwili iliyopita alikuja mama mmoja, yapata miaka 40 na kitu. Akaniamkia vizuri, akaniambia, "Ami, nasikia wewe una habari za zamani." Babake aliuawa katika mji mmoja wa Pwani hii yetu, miaka ya themanini. Yeye alikuwa na miaka 3, akakuzwa akiambiwa ni ajali ya lori. Ameambiwa kweli ukubwani, na mtu wa mbali.

Wallahi sitawaficha, nilifurahi. Nilifurahi kwa kuwa ninayo. Nikainuka kama kijana, dakika kumi faili liko mezani. Vipande 11 vya magazeti, na daftari yangu. Sikumuuliza kama yuko tayari. Akasoma magazeti kimya. Kipande kimoja kilikuwa na picha ya maiti chini ya shuka, akakigeuza. Kisha akafika kwenye daftari. Nilikuwa nimeandika, kwa hati yangu nzuri ya ukarani, kuwa marehemu aliuawa kwa ajili ya mwanamke, na jina la mwanamke.

Akaniuliza, "Ami, aliyekwambia haya alikuwepo?"

Nikasema, hakuwepo.

"Na wewe?"

Sikuwepo.

"Sasa mbona umeandika kama aliyekuwepo?"

Sikuwa na jawabu. Miaka yote ile nawacheka waandishi walioandika Zambia, na Zambia yangu mimi iko kabatini. Akauliza kama kuna picha ya babake akiwa hai. Katika vipande 11 ilikuwemo moja, ndogo kama ya kitambulisho, na nusu ya sikio niliikata mimi kwa mkasi. Akaiomba hiyo tu, akaenda zake.

Haikupita muda, warithi wa nyumba niliyopanga wakaiuza. Nikawa nahamia kwa binti yangu Kisauni, vyumba viwili na wajukuu. Tena macho yangu yote mawili yana mtoto wa jicho, hata nikibaki nayo siwezi kuyasoma. Ikabidi yatoke. Yaende wapi?

Mwanangu wa kiume alisema choma. Akaja kijana mmoja, hodari, ana vipindi vyake vya mauaji kwenye intaneti, watu wengi humsikiliza. Akanipa shilingi 250,000. Mnisikilize vizuri, nilikuwa nazihitaji. Nikamwambia chukua magazeti. Akasema, "Babu, magazeti nitayapata maktaba. Mimi nataka zile daftari." Nikaomba siku tatu. Ya kwanza na ya pili nilikuwa nimekwisha kubali moyoni, najiambia watu wenyewe wamekufa, nani ataumia. Usiku wa tatu nikamkumbuka yule mama na kidole chake juu ya hati yangu. Asubuhi nikampigia simu yule kijana nikamwambia sina biashara. Hajanisemesha tena.

Nikamwendea mtu ambaye kazi yake ni kuhifadhi nyaraka. Nilitaraji atapiga makofi. Akaniuliza maswali ya kuniudhi: kipande hiki ni cha gazeti gani, tarehe gani, ukurasa wa ngapi? Jamani, nilipokuwa mtoto nilikuwa nakata habari na kuacha tarehe! Masanduku matatu mazima hayana tarehe. Gundi niliyotumia ilikuwa ya unga wa ngano, chakula cha mende. Nilipopata pesa nikabandika kwa utepe wa plastiki, nao umegeuka manjano na kula maandishi. Pini zimeshika kutu. Karatasi ya gazeti yenyewe, akanieleza, hutengenezwa kwa mti uliosagwa na ina asidi ndani yake, hujila wenyewe hata ukiiweka vipi. Kisha akaniambia magazeti makubwa ya Nairobi hayana uadimu, yamehifadhiwa. Adimu ni vile vidogo nilivyoviona takataka: gazeti la Baraza la Kiswahili ambalo lilikufa zamani, vikaratasi vya mikutano, na daftari zangu za mahakamani.

Kwa hivyo nikagawa. Mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa macho yangu. Anasoma, mimi nasema huku, kule. Jioni 40 tulifanya kazi hiyo. Mwanzo niliogopa kumsomesha mambo yale mtoto wa watu, mamake akaniambia anayaona mabaya zaidi kwenye simu. Yenye tarehe na yale ya mahakamani nimempa mwalimu mmoja anayefundisha sheria, kwa maandishi, na risiti ninayo. Kurasa za familia nilizozijua nilizipeleka kwa mkono wangu. Familia tatu. Ya kwanza walilia na kunishukuru. Ya pili walipokea mlangoni, hawakunikaribisha ndani, na haki yao. Ya tatu walisema hawataki, nirudi nazo.

Daftari za barzani nilizichoma, 19, ndani ya pipa nyuma ya nyumba, mwisho wa Shaaban. Yule bwana wa nyaraka alinikataza. Alisema zifunge kwa kufuli miaka 50, mwenye kusoma historia ya Mombasa atataka kujua hata uvumi. Huenda kweli. Lakini kufuli ile ufunguo atashika nani? Mimi miaka 50 sina, na kijana wa vipindi anayo.

Ila moja lanikera mpaka leo, nami nitalisema. Katika zile 19 ilikwenda isiyokuwa yao. Ni daftari ya 1990, nilishona mwenyewe kwa karatasi za hesabu za bandarini, upande wa nyuma. Haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa na yale makuli na madereva waliyosema wiki ile maiti ya Ouko ilipopatikana, namna watu walivyonyamaza akiingia mtu wasiyemjua, namna redio ilivyozimwa. Ile ndiyo ningeiacha. Jalada lake lilifanana na nyingine, mjukuu alikuwa amekwenda kusali, nami kwa macho haya nikaitia mwenyewe. Nilijua nilipouona ule uzi wa cherehani ukishika moto. Uzi wa babangu.

Jicho moja nimefanyiwa operesheni kwa msaada wa wanangu. La pili tunangoja. Sanduku moja bado ninalo, yale yasiyo na tarehe, hakuna aliyeyataka. Atakayependa kukaa nami tuyatafutie tarehe zake maktaba, nipo Kisauni, baada ya sala ya ijumaa sina kazi. Kabati binti yangu ameweka sahani za futari.

Naona Mwenyekiti anatazama saa, na tende zishapita. Maswali tutayachukua baada ya magharibi inshaallah.