Kabla ya Kununua Injini, Pimeni Kazi Yake

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Olkaria)

Nimeombwa tuzungumze juu ya injini ya posho mili. Naona ni jambo zuri kulizungumza sasa, wakati pesa bado ziko benki. Pesa zikishaenda dukani, mazungumzo huwa ni ya lawama tu.

Mnajua wenyewe kikundi kinavyoweka akiba. Mama anauza maziwa, anatoa kidogo kidogo kila Alhamisi, miaka inapita. Halafu siku moja watu watatu wanatumwa mjini, wanarudi na injini juu ya pikapu, watu wanaimba. Katika kazi hii nimeona injini zaidi ya moja zilizopokelewa kwa nyimbo, na leo kuku wanalala juu yake. Hazikuwa injini mbovu. Hazikulingana na kazi tu.

Kuna watu ambao hupenda kurusha ndege ndogo za mfano, zile zinazoongozwa kwa redio kutoka chini. Utasema huo ni mchezo wa watoto. Lakini mtu wa mchezo huo hanunui injini kwanza. Anaanza na ndege: ina uzito gani, mabawa yana urefu gani, panga la mbele ni la ukubwa gani. Ndipo anatafuta injini ya kuibeba. Ikiwa dogo, ndege haipandi. Ikiwa kubwa mno, uzito wake unaielemea ndege. Kama mtu wa mchezo anapima hivyo, je, sisi wenye pesa ya watu arobaini?

Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kupima kazi. Tufanye hesabu. Chukueni kijiji chenye nyumba 60. Kila nyumba inasaga gorogoro 5 kwa wiki. Hizo ni gorogoro 300, na gorogoro moja ni karibu kilo 2, yaani kilo 600 kwa wiki. Kinu kikisaga kilo 200 kwa saa, kazi yote inaisha kwa saa 3. Saa tatu kwa wiki nzima! Je, hizo zitamlipa kijana wa kuendesha, zinunue mafuta, zibaki za spea? Mimi sisemi msinunue. Nasema nendeni mkahesabu nyumba zenu, shule iliyo karibu, wenye maduka, na wafugaji wanaotaka chakula cha ng'ombe kisagwe. Mkipata saa 3 kwa siku badala ya kwa wiki, hapo kuna kazi.

Hatua ya pili ni nguvu. Muuzaji atawaambia, "Kinu hiki kinataka nguvu za farasi 10, na hii injini ni ya 12, mko sawa." Ngojeni kidogo. Sisi tunaishi juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini hula hewa pamoja na mafuta. Injini ya kawaida isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu tatu kwa mia za nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hapa kwetu hiyo ni kama moja ya tano. Basi ile ya farasi 12 inayofanya kazi vizuri Mombasa, Olkaria ni ya 10 kasoro. Mkiweka kinu cha 10 itatoa moshi mweusi, itachemka, na mtasema mliuziwa kitu bandia.

Tena someni kile kibao cha chuma kilichopigwa ubavuni. Injini nyingi za Uchina zimeandikwa nguvu mbili: ya saa 1 na ya saa 12. Hiyo ya saa 1 ni kama mtu anayekimbia kumfukuza mwizi. Hawezi kukimbia hivyo mpaka jioni. Chagueni kwa ile ya saa 12.

Hatua ya tatu: dizeli, petroli au umeme? Petroli ni rahisi kununua na nyepesi kubeba, inafaa pampu ndogo ya maji. Lakini kwa kusaga kila siku inakula mafuta mengi na haidumu kama dizeli. Dizeli ikitoa nguvu za farasi 10 hutumia kama lita 2 na kidogo kwa saa. Zidisheni na bei ya pampu. Ziko za mwendo wa pole, kama zile Lister za zamani za Uingereza zilizoanza kutengenezwa 1929, zinazozunguka mara 650 kwa dakika. Ni nzito kama jiwe, lakini zinadumu. Ndogo za kisasa huzunguka mara 2,000 na zaidi; ni rahisi kubeba, lakini zinataka kuangaliwa kwa karibu.

Najua kuna mtu anajiuliza: "Umeme unatoka hapa hapa chini ya miguu yetu tangu 1981, kwa nini tununue dizeli?" Swali ni la haki. Lakini zile waya kubwa zinazopita juu ya maboma ni za kusafirisha umeme mbali. Huwezi kuzichotea kinu. Mnahitaji transfoma karibu, na kwa mota kubwa ya kinu mnahitaji umeme wa fezi tatu. Umeme wa nyumbani mara nyingi ni wa fezi moja. Kwa hivyo kabla ya kununua mota, nendeni Kenya Power mkapewe gharama ya fezi tatu kwa maandishi. Maneno ya mdomo hayawashi mota.

Kama fezi tatu iko karibu, mota ina faida nyingi. Ya kilowati 7.5, sawa na farasi 10, hutumia kama yuniti 8 na nusu kwa saa ikifanya kazi kamili. Haina filta ya mafuta, haina moshi, na huu urefu wetu hauipunguzii nguvu kama dizeli. Wekeni hesabu mbili kando kwa kando, lita na yuniti, ndipo mpige kura.

Hatua ya nne ni mahali petu. Vumbi la huku ni jivu la volkano, laini kama unga na kali kama msasa. Likipita filta ya hewa, linakula injini ndani kwa ndani. Ulizeni filta ni ya aina gani, inasafishwa vipi, na mpya inapatikana Naivasha au Nakuru? Maji nayo: zile injini zenye tangi wazi juu huchemsha maji yakapotea, na lazima muongeze. Kama mama anabeba maji kwa punda kutoka mbali, nani ataleta ya injini? Huenda ya kupozwa kwa hewa ikawafaa zaidi.

Hatua ya tano ni puli. Kama mota inazunguka mara 1,450 na kinu kinataka 2,900, puli ya mota iwe mara mbili ya ile ya kinu: inchi 12 kwa 6. Mkikosea hapa, hata injini nzuri itaonekana mbaya. Na funikeni mkanda kwa wavu wa chuma. Leso na shuka zikishikwa pale, hakuna wakati wa kupiga kelele. Moshi utolewe nje kwa bomba.

Mwisho, mkienda kununua, msitume watu watatu wenye vyeo. Tumeni mweka hazina, kijana atakayeendesha, na fundi msiyemlipa kamisheni. Bebeni gunia la mahindi makavu. Mwambieni muuzaji asage mbele yenu, mpime kilo na dakika. Risiti iandikwe jina la kikundi, pamoja na muda wa garantii. Na kuanzia siku ya kwanza, daftari: saa zilizosagwa, mafuta yaliyotiwa, siku ya kubadilisha oili, pesa zilizoingia, na sehemu inayowekwa kando kwa spea. Injini isiyo na daftari ni mali ya yule anayeshika hendeli.



Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kijiji chetu kinasaga gorogoro ngapi kwa wiki? Nani atahesabu?
2. Transfoma iliyo karibu iko wapi, na ni ya fezi ngapi?
3. Ni fundi gani wa karibu anayeijua injini tunayoitaka, na spea zake ziko wapi?
4. Tukipata saa chache mno, kuna kazi gani nyingine ya pesa hizi?