Kijana wa Dumila na hewa ya milimani

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Anayesafiri kwa basi kati ya Morogoro na Dodoma anaijua Dumila. Basi likipunguza mwendo pale njia panda ya kwenda Kilosa, vijana hulikimbilia na ndoo na mabeseni: nyanya, vitunguu, machungwa, mahindi ya kuchoma. Dereva asiposimama sawasawa, wao hukimbia sambamba na dirisha, mkono mmoja umeshika mzigo, mwingine unapokea fedha. Nimewahi kumwona mmoja akilifukuza basi kama mita 200 ili arudishe chenji ya shilingi mia tano. Na akairudisha.

Kijana huyo ndiye sababu ya mazungumzo yangu ya leo. Jina lake sitalitaja.

Mtakumbuka kwamba Septemba 2025, mjini Tokyo, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Mjerumani Amanal Petros alikuwa nyuma yake kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde moja. Tangu siku hiyo kijana wetu hakulala vizuri. Akaanza kukimbia alfajiri kabla ya mabasi. Akatokea mtu mmoja aliyejiita kocha, akamwambia kwamba mtu wa bondeni hawezi kuwa mkimbiaji mpaka apande milimani akabadilishe damu, na kwamba siku kumi zinatosha. Kijana akauza baiskeli yake na magunia manne ya vitunguu, akaenda sehemu za juu za Arusha. Siku ya kumi na moja akateremka, akaingia mashindanoni. Hakumaliza hata nusu.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti tupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona leo hukimbii?"

"Mzee, hewa ya kule imenimaliza."

Sasa ndugu wasikilizaji, hewa ya kule ina nini? Wengi hudhani kwamba milimani oksijeni imekwisha. Sivyo. Katika kila sehemu 100 za hewa, karibu 21 ni oksijeni, uwe Dumila ambako hapafiki mita 600 kutoka usawa wa bahari, au uwe kileleni Kibo, mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo. Huku chini hewa yote iliyo juu yetu inatulalia na kusongamana. Kule juu imetawanyika. Pale Kibo mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo pumzi moja huingiza kifuani kama nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Bagamoyo anaipata bila kuifikiria.

Anayeketi na kunywa chai anaweza asione tofauti kubwa katika mita 2,000. Anayekimbia ataiona. Misuli inadai oksijeni, mapafu yanahangaika, moyo unapiga mbio, na mwendo uliokuwa mwepesi unakuwa mzito. Wataalamu hukadiria kwamba kupita mita 1,500, kila unapopanda mita 100 nguvu ya mwili ya kutumia oksijeni hupungua kwa kama asilimia moja.

Somo hili Tanzania ililipata mapema, na kwa uchungu. Mwaka 1968 michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 kutoka usawa wa bahari. Hiyo ni karibu sawa na vilele vya milima ya Ukaguru ile tunayoiona tukiwa Dumila. Katika mbio za mita 10,000 Ron Clarke wa Australia, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39, alimaliza wa sita akaanguka, ikabidi apewe oksijeni. Mshindi, Naftali Temu wa Kenya, alitumia dakika 29 na sekunde 27. Hebu fikirini: mtu anapata medali ya dhahabu akiwa nyuma ya rekodi kwa karibu dakika mbili, na hakuna anayemcheka, maana hewa ilikuwa haba kwa wote.

Katika marathoni ya michezo hiyohiyo alikuwemo John Stephen Akhwari wetu. Kila mtu anakumbuka goti lililofungwa bendeji, na jinsi alivyoingia uwanjani akichechemea giza limekwisha ingia, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Kinachosahauliwa ni kilichotangulia. Kabla hajaanguka, misuli ilikuwa imeanza kumbana kwa sababu ya hewa ile. Naye Akhwari hakuwa mtu wa bondeni! Ni mzaliwa wa Mbulu, nchi ya juu na ya baridi. Miaka miwili baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano. Mguu ulikuwa uleule. Ila Edinburgh ipo karibu na bahari.

Kwa hiyo kuzaliwa mlimani peke yake si kinga. Na kupanda mlimani kwa siku kumi ndiyo kabisa si dawa, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole, kwa kuwa ndipo yule kocha alipomponza kijana.

Mtu akifika juu, mwili unahisi upungufu, na figo zinatoa homoni inayoitwa erithropoetini. Hiyo ni kama barua kwenda kwenye uboho wa mifupa: tengenezeni chembe nyekundu zaidi, maana ndizo zinazobeba oksijeni. Barua inaandikwa mapema, siku ya kwanza tu. Lakini kutengeneza chembe zenyewe ni kazi ya majuma, ndiyo maana wakimbiaji wakubwa hukaa milimani majuma matatu, manne na zaidi. Siku za mwanzo mwili hupunguza maji ya damu, hivyo damu ikipimwa huonekana nzito. Asiyejua atashangilia kwamba damu imeongezeka. Kumbe ni sawa na mchuzi uliopungua maji; nyama ni ileile.

Na siku hizo ndizo mbaya kuliko zote kwa kupumzika. Usingizi hukatikakatika, pumzi usiku husimama kidogo kisha huanza kwa kishindo. Chakula hakipandi. Hewa kavu hunyonya maji mwilini kila unapopumua. Mazoezi yaliyokuwa ya kawaida sasa ni magumu, na misuli iliyochoka jana haijapona leo. Kocha anayejua kazi yake hupunguza mazoezi juma la kwanza na kuongeza muda wa kupumzika kati ya mbio moja na nyingine. Kijana wetu alikimbizwa asubuhi na jioni tangu siku ya kwanza, eti kwa sababu siku zilikuwa chache. Alirudi bondeni akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Wasomaji wa mambo haya wataniambia kwamba siku hizi wanariadha wa Ulaya hulala katika mahema yenye oksijeni pungufu wakiwa nyumbani kwao. Ni kweli. Bei ya hema moja ingenunua baiskeli nyingi sana Dumila, tuendelee.

Jambo ambalo yule kocha hakumuuliza kijana ni hili: damu yako ikoje? Barua ya figo ikifika kwenye uboho, kiwandani lazima pawe na malighafi, na malighafi ni madini ya chuma. Bila chuma, mtu anaweza kukaa Iten ya Wakenya, kule mita 2,400, mwezi mzima, akarudi na chembe zilezile alizoondoka nazo.

Na sisi wa mabonde ya Kilosa tunajua damu yetu huishia wapi. Malaria huvunja chembe nyekundu. Minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo za anayetembea peku katika udongo mbichi, huning'inia utumbo ikinyonya. Mwenye safura anaweza kuwa mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, hewa tele, na bado misuli yake ikakosa oksijeni kama ya mtu aliyepanda mlima, kwa sababu wabebaji ni wachache. Yeye hajui. Anadhani ni uvivu, au anadhani amerogwa.

Lipo na lingine ambalo si la mzaha. Nchi yetu ni kati ya zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Oksijeni ikipungua, chembe zao hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mgonjwa wa selimundu kupelekwa kukimbia milimani ni kumtafutia kifo. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida ni mzima na hana habari, anaweza kuumia bandama akijitutumua sana kule juu. Damu ipimwe kabla ya nauli kulipwa.

Nilimsihi kijana aende zahanati. Mwanzoni alikataa, akasema yeye si mgonjwa, mgonjwa gani anafukuza mabasi? Alipokwenda, wingi wa damu ulikuwa gramu 9 kwa desilita, wakati mwanamume mzima anatakiwa afikie angalau 13. Kwenye choo yakaonekana mayai ya safura. Fikirini, mtu huyo alikuwa anakimbia na beseni la nyanya.

Alipewa dawa ya minyoo, na vidonge vya chuma vya kumeza kwa miezi mitatu. Mganga alimwambia avae viatu shambani, ale dagaa, maharage na mboga za majani, aongeze chungwa pale pale kwenye chakula kwa sababu linausaidia mwili kufyonza chuma, na chai aiache mpaka baadaye kwa kuwa inazuia. Hapo kwenye chai alinuna.

Juma lililopita nilipita tena Dumila. Basi letu halikusimama. Alikuja mbio upande wangu na ndoo ya machungwa, raba miguuni, akanitambua. Nilimuuliza damu imefika ngapi. "Kumi na mbili na nusu, mzee!" Nikampa noti ya elfu mbili, na chenji ilinifikia tukiwa tumekwisha pita nyumba za mwisho.

Kwaherini mpaka juma lijalo.