Cheti cha Kidato cha Sita Huhesabiwa Mara Ngapi?

   Leo chukueni daftari na kalamu, maana tutasoma na tena tutajumlisha. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu, nasi tuyasome pamoja. Pointi. Krediti. Kuhama. Vizuri sana.

Kwa nini tumechagua maneno haya? Mtihani wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka kwenye mwezi wa Julai. Ndio wakati ule ule pamba inapopimwa na fedha kidogo zinapoingia nyumbani. Mtoto huja na karatasi yenye herufi, akasema, "Baba, nimefaulu, nataka ada ya chuo." Ninyi mliokwisha kujua kusoma mwaweza kuziona herufi hizo wenyewe, bila kusomewa na mtu. Lakini kuiona herufi ni jambo moja, na kujua thamani yake ni jambo jingine. Asiyeijua thamani huuza ng'ombe kwa ajili ya kozi ambayo mtoto wake hawezi kupokelewa. Au humlipa mtu wa kujipachika pale stendi ajaze maombi, na maombi yakakataliwa, na fedha hairudi.

Basi tuanze na neno la kwanza, pointi. Andikeni mstari mmoja: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu. Hii ndiyo hesabu ya waliofanya mtihani tangu mwaka 2016. Herufi tano za kwanza, yaani A mpaka E, maana yake somo limefaulu kikamilifu. Watoto wenyewe huita "prinsipo". S ni kufaulu kwa upande tu. Haihesabiwi kuwa prinsipo.

Sasa sikilizeni kwa makini. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2005, imeweka kiwango cha chini cha kuingia shahada. Mwanafunzi sharti awe na prinsipo mbili, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4. Lakini si masomo mawili yoyote. Ni masomo mawili yale ambayo kozi yenyewe inayataka. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia, kwa hiyo tuchukue mfano, na kila mtu aandike.

Binti mmoja amesoma Historia, Jiografia na Uchumi. Amepata Historia C, Jiografia E, Uchumi E. Jumlisheni. Tatu na moja ni nne, na moja ni tano. Baba yake anafurahi: tano ni zaidi ya nne! Je, afurahi? Tuseme binti anaomba kozi inayotaka Jiografia na Uchumi. Moja na moja ni mbili. Hapati. Sasa tuseme anaomba kozi inayotaka Historia na Jiografia. Tatu na moja ni nne. Anazo sifa. Binti ni yule yule na karatasi ni ile ile. Kilichobadilika ni kozi tu. Hata hivyo, kuwa na sifa si kupata nafasi. Penye waombaji wengi, chuo huchukua wenye pointi za juu kwanza.

Zipo kozi zinazodai zaidi. Udaktari wa binadamu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Kwa sababu hiyo, mimi naona kwamba siku ya kufikiria chuo kikuu ni siku ile mtoto anapochagua tahasusi, au kombi kama wasemavyo vijana, akiingia kidato cha tano. Mzazi amwulize siku hiyo, "Mwanangu, masomo haya matatu yanafungua milango ipi, na yanafunga ipi?" Huhitaji kujua Fizikia ili kuuliza swali hilo.

Kama nyumbani kuna cheti cha mwaka 2014 au 2015, msitumie mstari wetu wa kwanza. Miaka hiyo miwili herufi zilipangwa kwa namna nyingine: A ilikuwa 5, B yenye alama ya kujumlisha 4, B tupu 3, C 2, D 1. Kwa hiyo C ya mwaka 2015 ni 2, wala si 3. Nimetaja jambo hili kwa kuwa ndugu wawili wa nyumba moja waweza kuwa na herufi zile zile na pointi mbalimbali, wakadhani mmoja wao ameonewa.

Je, aliyepungukiwa afanye nini? Asitupe cheti chake. Njia ya kwanza ni stashahada. Katika vyuo vingi vya biashara, uhasibu na utawala, aliyemaliza kidato cha nne huanza na cheti cha mwaka mmoja, ndipo aingie stashahada ya miaka miwili. Lakini aliyemaliza kidato cha sita akiwa na prinsipo moja na S moja huingia stashahada moja kwa moja. Mwaka mzima umeokolewa, pamoja na ada yake na kodi ya chumba. Fani za afya zina kanuni zake, kwa hiyo ulizeni kwanza. Akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi, na akiwa na masomo manne aliyofaulu kidato cha nne, anaweza kuomba chuo kikuu. Hapo atatakiwa kuwa na namba ya uhakiki kutoka baraza linalosimamia vyuo vya kati, linaloitwa kwa kifupi NACTVET.

Njia ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwenye cheti cha kidato cha sita chenye angalau pointi 1 na nusu katika masomo mawili, mathalani E moja na S moja, anaweza kusoma kozi hiyo. Na akipata wastani wa 3.0, na C katika masomo matatu ya fani yake, huomba shahada.

Twende kwenye neno la pili: krediti. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi, kama kilo ilivyo kipimo cha pamba. Hapa Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi: kusikiliza mwalimu, kujisomea, mazoezi na mitihani. Mwaka mmoja wa chuo kikuu una krediti 120. Shahada ya miaka mitatu ni ngapi? Zidisheni 120 kwa 3. Ndiyo, 360.

Wazazi wengine huuliza, "Mwanangu amesoma miaka miwili ya kidato cha tano na sita. Mbona chuo hakimpunguzii mwaka?" Ni swali la haki. Jibu ni kwamba punguzo limekwisha kutolewa. Tazameni jirani zetu wa Kenya. Walipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita viliondolewa, na shahada ya kawaida ikawa ya miaka minne badala ya mitatu. Ndiyo kusema sehemu ya kazi ya kidato cha sita ilihamia chuoni. Sisi tuliendelea na kidato cha sita, na shahada zetu nyingi zikabaki miaka mitatu. Marekani nako shahada huchukua miaka minne; kwa hiyo baadhi ya vyuo vya huko huyapa krediti masomo ya kidato cha sita yenye alama nzuri, kila chuo kwa kanuni yake. Mwenye nia ya kwenda huko aombe jibu kwa maandishi kabla ya kusafiri.

Sasa neno la tatu, kuhama. Kijana yuko chuo kimoja, anataka kwenda kingine. Labda ada imemshinda, labda mzazi ni mgonjwa naye anataka kuwa karibu, labda kozi haimpendezi. Kuhama kunaruhusiwa, ila kuna taratibu. Kozi anayohamia sharti iwe na nafasi. Tena sharti yeye awe na sifa za kuingia kozi ile kana kwamba anaanza leo. Hapo cheti cha kidato cha sita kinatolewa sandukuni na kuhesabiwa mara ya pili. Kijana aliyesoma Uchumi, Jiografia na Hisabati, hata akiwa wa kwanza katika mwaka wake wa biashara, hawezi kuhamia udaktari kwa cheti hicho, kwa sababu Kemia na Baiolojia hana.

Na zile krediti alizokwisha pata? Hizo chuo kipya huzipima. Hutazama somo lilifundishwa nini, kwa saa ngapi, na mwanafunzi alipata alama gani. Chaweza kupokea zote, au nusu, au kisipokee hata moja, naye akaanza mwaka wa kwanza upya. Kwa hiyo mzazi asikubali neno la mdomo kwamba "krediti zitahama." Aombe barua yenye orodha ya masomo yaliyopokelewa. Mpaka barua hiyo ifike, kijana asiache chuo alichopo. Kama ana mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo nayo ijulishwe, la sivyo atafika chuo kipya na fedha zimebaki kule alikotoka.

Karatasi za kutunza ni hizi: vyeti vya kidato cha nne na cha sita, hati ya matokeo ya chuo, maelezo ya kila somo alilosoma, na barua zote. Majina yafanane katika kila cheti, herufi kwa herufi. Wekeni mahali pakavu ambapo mchwa na panya hawafiki. Nakala pekee hazitoshi. Siku ya kusajiliwa chuo hutaka kuona vyeti halisi.

Muda wetu unakwisha. Andikeni mazoezi mawili.

La kwanza: binti ana Historia D, Kiswahili C, Kiingereza E. Kozi inataka Kiswahili na Kiingereza. Je, anazo sifa?

La pili: kijana ana Uchumi D, Jiografia E, Hisabati S. Kozi inataka Uchumi na Jiografia. Ana pointi ngapi? Kama hazitoshi, ni njia zipi mbili zilizo wazi kwake, na ipi ungemshauri ukitazama fedha ya nyumba yako?

Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Mwenye cheti nyumbani aje nacho darasani, mwalimu atamwonyesha namna ya kukihesabu. Kwaherini.