Bei Iliyolipwa na Bei ya Kukisia: Uthaminishaji wa Bidhaa Katika Forodha ya Afrika Mashariki

Ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa zaidi kama asilimia ya thamani ya bidhaa. Viwango vyake vinajulikana: sifuri kwa malighafi na mitambo mingi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa bidhaa zilizokamilika na, tangu Julai 2022, 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo viwanda vya kanda vinatakiwa kulindwa kwazo. Viwango hivyo hujadiliwa na mawaziri na kutangazwa magazetini kila mwaka. Lakini asilimia 25 haina maana mpaka ijulikane ni asilimia 25 ya kiasi gani, na swali hilo hujibiwa na ofisa wa forodha, mzigo mmoja baada ya mwingine, bila mjadala wowote wa hadhara.

Uzito wa swali huonekana katika hesabu ndogo. Mzigo ulionunuliwa kwa dola 20,000, ukasafirishwa kwa meli kwa dola 3,000 na kukatiwa bima ya dola 300, una thamani ya forodha ya dola 23,300 ukifika Dar es Salaam. Ushuru wa asilimia 25 ni dola 5,825. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo, hivyo inakuwa dola 5,242.50. Ofisa akiupandisha mzigo uleule hadi dola 30,000, ushuru unakuwa 7,500 na kodi 6,750. Mwenye mzigo ameongezewa dola 3,182.50, bila tozo nyingine kuhesabiwa na bila kiwango chochote cha kisheria kubadilika.

Kwa sababu hiyo mataifa yalianza mapema kuwekeana mipaka. Ibara ya 7 ya mkataba wa biashara wa GATT wa mwaka 1947 ilitaka thamani ya forodha itokane na thamani halisi ya bidhaa iliyoingizwa, wala si bei ya bidhaa ya nyumbani au bei ya kubuni. Hata hivyo Marekani iliendelea kwa miaka mingi kutoza kemikali fulani kwa kufuata bei ya kemikali za viwanda vyake yenyewe, na nchi nyingi nyingine zilifuata tafsiri ya Brussels ya mwaka 1950, iliyouliza bidhaa *ingeuzwa* kwa bei gani katika soko huru. Neno hilo “ingeuzwa” lilimwachia ofisa nafasi kubwa mno. Makubaliano ya mwaka 1979, ambayo mwaka 1994 yaliingizwa katika mikataba ya Shirika la Biashara Duniani, yaligeuza swali: bidhaa hii *imeuzwa* kwa bei gani? Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyachukua makubaliano hayo katika kifungu cha 122 na Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004.

Msingi wa kwanza, basi, ni bei iliyolipwa au itakayolipwa. Bei hiyo huongezewa gharama ambazo ankara inaweza kuziacha nje: vifungashio, kamisheni ya wakala wa muuzaji, mrabaha unaolipwa kama sharti la mauzo, na vifaa ambavyo mnunuzi alimpa mtengenezaji bure, kama vile kalibu au michoro ya usanifu. Nauli na bima hadi bandari ya kuingilia huongezwa pia, ingawa sheria ya Jumuiya haijumlishi nauli ya mzigo wa ndege. Marekani haihesabu nauli ya kimataifa kabisa. Ni hiari ya kila nchi. Kwa upande mwingine, gharama za kufunga mtambo baada ya kuingia nchini hazihesabiwi, mradi zimeonyeshwa peke yake.

Bei ya ankara inaweza kukataliwa. Mnunuzi na muuzaji wanaweza kuwa kampuni za mmiliki mmoja, na uhusiano huo ukawa umeathiri bei. Yako pia mauzo yenye masharti yasiyoweza kupimwa kwa fedha. Na iko ankara ya uongo, iliyoandikwa nusu ya kilicholipwa. Huu ni wizi wa mapato ya umma, na humwumiza zaidi mfanyabiashara mkweli wa duka la jirani, anayeshindwa kuuza kwa bei ya mwenzake. Ofisa anayetilia shaka ana haki ya kudai mikataba na risiti za benki. Anachotakiwa kwanza ni kueleza sababu za shaka yake na kusikiliza majibu.

Ankara ikikataliwa, njia nyingine hufuatwa kwa zamu. Kwanza hutazamwa bei iliyokwisha kukubaliwa ya bidhaa zilezile kutoka nchi ileile kwa wakati unaokaribiana. Zikipatikana bei kadhaa, hutumika ya chini kabisa. Zikikosekana, hutazamwa bidhaa zinazokaribiana nazo. Kisha bei ya kuuzia nchini hupunguzwa faida, ushuru na gharama za ndani, au thamani hujengwa kutokana na gharama za uzalishaji. Hii ya mwisho hutumika kwa nadra, kwani mtengenezaji wa Guangzhou halazimiki kumfungulia ofisa wa Mombasa vitabu vyake. Mwagizaji anaweza kuomba hizi mbili zibadilishane nafasi. Ya sita ni makadirio yenye busara, lakini busara hiyo ina mipaka: ni marufuku kuweka bei ya chini isiyovukwa, kuchagua iliyo kubwa kati ya mbili, au kutumia bei ya kubuni.

Hapo ndipo magari yaliyotumika yanapoleta ugumu. Kenya huyathamini kwa orodha ya bei za rejareja za magari mapya, ikipunguza uchakavu kwa umri. Tanzania nayo ina mfumo wake wa thamani za magari hayo. Orodha hurahisisha kazi na kumwezesha mnunuzi kukadiria kodi kabla ya kuagiza gari Japani, na hilo si jambo dogo. Lakini gari lililonunuliwa mnadani lina bei halisi yenye ushahidi. Kuanza na orodha na kuipuuza bei hiyo ni kupindua mpangilio wa sheria. Hoja hiyohiyo inahusu kanzidata za bei za forodha: matumizi yake halali ni kuonyesha mzigo unaostahili kuulizwa maswali, si kutoa jibu.

Mwagizaji asiyeridhika ana haki kadhaa. Akiomba kwa maandishi, lazima aelezwe kwa maandishi jinsi thamani ilivyopatikana, na wakati mgogoro ukiendelea anaweza kuutoa mzigo kwa kuweka dhamana badala ya kuuacha ulimbikize gharama za bandari. Kifungu cha 229 kinampa siku 30 za kuomba Kamishna apitie uamuzi. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Akikataliwa, mwagizaji ana siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi.